Mwizi Ajua Njia ya Kurudi: Mwongozo wa Kumlinda Jirani Aliyekwisha Kudhuriwa

Mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Malindi, pwani ya Kenya, alivunjiwa mlango usiku wa masika, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba hata nyundo isingesikika. Walichukua redio, mtungi wa gesi, simu mbili na sanduku la bati lenye pesa za chama cha kuwekeana akiba. Asubuhi watu walijaa uani. Wengi walimpa pole, lakini yaliyobaki masikioni mwake ni maneno ya mzee mmoja aliyeutazama ule mlango uliong'olewa, akasema: "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nani aweka pesa za watu nyumbani?" Basi watu wakatawanyika. Mlango ukaegemezwa gogo. Siku ya tisa, ndugu zake wakiwa wameshamnunulia mtungi mwingine, wezi walirudi na kuingia palepale.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliotawanyika asubuhi ile. Sikusema neno baya, lakini sikubaki. Baadaye nilipata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, nikaanza kuwasindikiza watu vituoni na mahakamani, na huko nikakuta kisa cha yule mama kimejaa tele: aliyeibiwa huibiwa tena, aliyetapeliwa hutapeliwa tena, anayepigwa nyumbani hupigwa tena, na mara ya pili haichelewi. Mwongozo huu nawaandikia jirani, ndugu, mweka hazina wa chama, mzee wa nyumba kumi, na yeyote afikaye mlangoni asubuhi ya kwanza asijue la kufanya baada ya kusema pole.

Elimu yenyewe yasemaje

Taaluma inayowachunguza watu waliotendewa uhalifu huitwa viktimolojia. Ni changa. Jina hilo lilianza kuenea miaka ya 1940 kupitia wakili Benjamin Mendelsohn, na mwaka 1948 Hans von Hentig, Mjerumani aliyehamia Marekani, alichapisha kitabu kizima kuhusu mhalifu na mtu aliyedhulumiwa naye. Wazee hawa wa mwanzo waliuliza swali lilelile la mzee wetu wa mlangoni: huyu naye amechangia vipi? Mendelsohn aliwapanga waathiriwa kwa viwango vya hatia. Marvin Wolfgang alichunguza mauaji 588 ya mjini Philadelphia, na mwaka 1958 akaandika kwamba katika asilimia 26 marehemu ndiye aliyetangulia kutumia nguvu. Kwa ugomvi wa watu wazima huenda hesabu hiyo ina la kufundisha. Lakini mwaka 1971 Menachem Amir aliichukua fikra hiyo akaipeleka kwenye ubakaji, na wanawake wakaipinga kwa nguvu. Walikuwa na haki. Mpaka leo wasichana wanaulizwa walivaa nini.

Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson waligeuza macho. Uhalifu, walisema, hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na wakati mmoja: mwenye nia, kitu au mtu anayemfaa, na kukosekana kwa mlinzi. Mlinzi hapa si lazima awe askari. Bibi anayeuza viazi karai mbele ya mlango wake ni mlinzi. Wazee wa bao nao ni walinzi.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika katikati ya miaka ya 1980 huko Kirkholt, mtaa wa nyumba zaidi ya 2,000 mjini Rochdale, Uingereza, uliokuwa umelemewa na wizi wa kuvunja nyumba. Waliosimamia mradi hawakutandaza juhudi zao mtaa mzima. Walizifuata nyumba zilizokwisha kuvunjwa, kwa sababu walikuwa wamegundua kwamba hizo ndizo zinazovunjwa tena. Wakaimarisha milango na madirisha yake. Wakaondoa mita za umeme na gesi zilizotumia sarafu, maana zilikuwa kibubu kinachomngoja mwizi. Na wakawaomba majirani wa karibu, kama nyumba sita hivi, waizunguke kwa macho nyumba iliyoibiwa. Ndani ya miezi mitano wizi ulishuka hadi asilimia 40 ya ulivyokuwa.

Sababu ya mwizi kurudi haina uchawi. Anajua mbwa yuko wapi, anajua alichoshindwa kubeba safari ya kwanza, na anajua kwamba kilichoibiwa kitanunuliwa kipya. Hatari huwa kubwa zaidi siku na wiki za mwanzo, kisha hupungua polepole. Nyumba za jirani nazo huingia hatarini kipindi hichohicho, kwa hiyo anayemlinda aliyeibiwa anajilinda mwenyewe.

Neno moja kuhusu lugha kabla ya hatua. Wengi husema mwathirika. Mimi nasema mwathiriwa. Kuathirika mtu anaweza kuathirika kwa ukame au kwa ugonjwa. Kuathiriwa kuna aliyeathiri, naye ana jina na miguu miwili.

Hatua ya kwanza: chunga ulimi

Ukifika mlangoni, usiulize kwa nini. "Kwa nini hukufunga?" "Kwa nini ulipita pale usiku?" "Kwa nini ulimtumia pesa mtu usiyemjua?" Maswali haya humfanya mtu anyamaze, na akinyamaza hutajua kwamba jana amepigiwa simu nyingine, wala kwamba yule kijana ameonekana tena nyuma ya ua. Sema mambo matatu tu: pole, aliyekosa ni yule aliyekutenda haya, na mimi leo niko hapa mpaka jioni. La tatu ndilo zito, kwa hivyo usiliseme ikiwa utaondoka.

Mazungumzo ya kurekebisha mazoea, kama lile sanduku la bati, yana wakati wake. Yasubiri siku mbili tatu, na yafanyike faraghani. Uani mbele ya watu si mahali pake.

Hatua ya pili: usiku wa kwanza

Kazi ya mchana ule ni kuziba pale walipopitia. Fundi wa mbao au wa kuchomelea aitwe siku hiyohiyo, hata kama ni kwa mkopo wa majirani. Gogo halitoshi. Kama waliinua bati, angalia misumari ya safu nzima, kwa kuwa waliong'oa mmoja huwa wamelegeza mingine. Kama ni paa la makuti, angalia penye ukingo wa ukuta, ndipo mtu mwembamba hupenya. Kitasa kilichopotelewa na ufunguo kibadilishwe chote. Wengi hubadilisha kufuli la nje wakasahau mlango wa jikoni.

Kabla fundi hajagusa kitu, piga picha. Kisha nendeni kituo cha polisi mkaripoti, na msiondoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Iandikeni kwenye karatasi na kwenye simu ya mtu mwingine, maana ya mwenyewe huenda ndiyo iliyoibiwa. Kama kuna majeraha, ombeni fomu ya P3, ile daktari anayoandikia majeraha kwa ajili ya polisi, ambayo haiuzwi. Nimewahi kusimama dirishani na mama tukaambiwa turudi kesho, kisha kesho kutwa. Tulirudi mara zote, kila mara tukiandika tarehe na saa, na daftari lile ndilo lililokuja kutusaidia.

Usiku huo asilale peke yake. Alale kwa jirani, au jirani alale kwake. Ile nyumba isibaki tupu na giza.

Hatua ya tatu: nyumba sita

Chagua nyumba sita zinazouona mlango wake, dirisha lake na njia ya nyuma. Msichague kwa heshima wala kwa udugu, chagueni kwa macho. Mwenye nyumba nzuri asiyekuwepo mchana kutwa hafai. Muuza mandazi anayeamka saa kumi alfajiri anafaa sana. Mweleze kila mmoja jambo moja la kuangalia na muda wake: wewe ni njia ya nyuma kuanzia magharibi, wewe ni mlango wa mbele akiwa kazini.

Kubalianeni ishara. Kupiga sufuria kunasikika kuliko simu, na hakuhitaji salio. Kubalianeni pia kwamba mgeni anayezubaa anasalimiwa kwa sauti: "Habari yako, kijana, wamtafuta nani?" Aliyekuja kwa heri atajibu. Aliyekuja kwa shari ameshajua kwamba ameonekana.

Nisisitize hapa kwa moyo wangu wote: nyumba sita si kundi la kupiga mtu. Nimeona kijana akivishwa mpira wa gari shingoni na kuchomwa kwa kushukiwa tu. Huyo naye ni mwathiriwa, na mama yake atakuja kwako kutafuta nambari ya OB. Akishikwa mtu, azungukwe, apigiwe simu chifu au polisi kwa 999 au 112, basi.

Wekeni ulinzi huu wiki sita kwa makini. Baada ya hapo watu huchoka, nayo hatari huwa imepungua. Unaweza kulegea bila kuacha.

Hatua ya nne: ondoa kinachomvuta

Kibubu cha Kirkholt kilikuwa mita. Chetu ni sanduku la chama. Siku ya mkutano mtaa mzima unajua pesa zimelala kwa nani. Funguo tatu za watu watatu hazisaidii, kwa kuwa mwizi hubeba sanduku zima. Pesa zipelekwe benki, sacco au kwenye akaunti ya simu yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mkutano ufungwe kwa kutangaza wazi kwamba hakuna shilingi iliyobaki nyumbani kwa mtu. Tangazo hilo ni kufuli.

Na mtungi mpya wa gesi? Ingiza usiku, tupa boksi la televisheni mpya mbali na jaa la mtaani, na uandike jina kwa rangi isiyofutika ubavuni mwa kila kitu. Ni mambo madogo, sina haja ya kuyarefusha.

Aliyetapeliwa kwa simu

Hapa mara ya pili huja kwa sura ya rafiki. Mtu ametoa pesa kwa aliyedai kumtumia kimakosa, au kwa "mwalimu" aliyepiga akisema mtoto ameumia shuleni. Wiki moja baadaye anapigiwa na mtu mpole anayejua kiasi alichopoteza, anayesema yuko kitengo cha kurejesha pesa, ila kuna ada kidogo. Ni haohao, au wameuziana nambari yake. Mwambie mapema kwamba simu hiyo huenda ikaja. Akiwa ameonywa, itakapokuja ataitambua.

Kwa mtumiaji wa Safaricom, fuata mpangilio huu. Apige 100 haraka aeleze, na kama alituma kwa nambari asiyoikusudia, apeleke ujumbe wa muamala 456. Abadilishe nambari ya siri papo hapo. Ujumbe wa tapeli aupeleke 333 bila malipo. Apige *106# aone kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake asizozijua, na *100*100# ili laini yake isibadilishwe na mtu mwingine mahali popote ila dukani kwa kampuni yenyewe. Kampuni hiyo imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Na salio liangaliwe kwenye menyu ya laini, kamwe si kwenye ujumbe uliotumwa na mtu.

Kwa wazee wetu wasiosoma vizuri, mteueni mjukuu mmoja. Mmoja, mwaminifu, na aandikwe jina lake. Nimeona bibi akitapeliwa na mgeni mara moja, kisha na wajukuu watatu "waliomsaidia".

Aliyebakwa au kunajisiwa

Saa zinahesabika, basi nasema kwa ukavu. Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge, asifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huleta unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali ya serikali itamtibu bila barua ya polisi, na daktari ajaze fomu ya huduma baada ya kubakwa. Huduma hizo ni bure. Kisha polisi, dawati la jinsia, na OB. Simu 1195 ni ya msaada wa dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto, zote hazilipishwi.

Sasa linalonikera. Kabla ya wiki kuisha, wazee wa pande mbili watakaa mkekani kumalizana: mbuzi wawili, pesa kidogo, pengine ndoa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiwapi wazee wala mzazi uwezo wa kuifuta kesi hiyo. Uamuzi wa kuiondoa uko kwa mkuu wa mashtaka ya umma. Kumalizana nyumbani kunamrudisha mtoto mikononi mwa aliyemuumiza, pengine kwa jina la mume. Kama wewe ni mjomba au shangazi uliyeitwa kwenye kikao hicho, nenda, na useme hivyo.

Kuhusu disko la matanga, ambako wasichana wengi wa kaunti yetu ya Kilifi wameharibiwa huku watu wazima wakila pilau: msiba ukiwa wenu, muziki uzimwe mapema, na shangazi wawili wapewe kazi moja tu ya kujua kila msichana amelala wapi.

Mzee anayeitwa mchawi

Kilifi imezika wazee wengi kwa neno hili. Mvi zimekuwa hatia. Wengine wamekimbia nyumba walizozijenga kwa mikono yao wakaenda kuhifadhiwa Kaya Godoma, upande wa Ganze.

Mauaji haya ni nadra kuwa tukio la kwanza. Kwanza ni maneno matangani, mtu amekufa na macho yanamgeukia mzee. Kisha wajukuu wanakatazwa kula kwake. Kisha mbuzi wanakatwa, au banda linachomwa usiku. Kisha panga. Kila daraja ni dhuluma kamili, na kila daraja ni nafasi ya kuzuia linalofuata. Tukingoja panga, tumechelewa kwa ngazi tatu.

Kwenye maneno: ripoti kwa chifu. Sheria ya Uchawi ya 1925 inamfanya anayemtuhumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji mwenyewe, na wachache wanalijua hilo. Mwombe chifu alisome hadharani. Kwenye mifugo au moto: OB, na mzee ahamie siku hiyo kwa binti aliyeolewa mbali au kwa jamaa asiye na sehemu katika shamba. Ndiyo, shamba. Uliza kimyakimya nani atarithi, nani alitaka kuuza, nani alikataliwa. Mara nyingi uchawi ni jina la ekari. Hati au karatasi za ardhi zitolewe nyumbani kwa mzee, na ugawaji, kama anautaka mwenyewe, ufanyike mchana, mbele ya ukoo wote na chifu, ili pasiwe na anayefaidika kwa kifo cha haraka.

Na mtembelee. Mzee anayeonekana akinywa kahawa na watu kila jioni ni mgumu kuuawa. Aliyetengwa ameshachimbiwa nusu ya kaburi.

Kesi ikifika mahakamani

Katiba yetu, kifungu cha 50, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ikapatikana mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Upeo ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, asikae tu kama shahidi wa kuitwa na kurudishwa.

Siku ya hatari kuliko zote ni ya dhamana. Mshukiwa anatoka, na mwathiriwa hana habari mpaka amwone akishuka bodaboda karibu na kisima. Sheria ile inataka usalama wake na wa familia yake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Kwa hiyo mtangulie: mtafute mwendesha mashtaka kabla ya siku hiyo, mweleze vitisho vilivyotolewa, mpe nambari za OB, omba sharti kwamba mshukiwa asimkaribie wala asimpigie. Akivunja sharti, rudini kuripoti siku hiyohiyo. Msingoje tarehe ya kesi.

Siku ya kutoa ushahidi, msindikize. Fikeni mapema, mkae upande ambao ndugu wa mshtakiwa hawatampita akienda kizimbani. Beba maji na kitu cha kutafuna, maana kesi iliyopangwa saa tatu inaweza kuitwa saa nane. Mwambie kwamba kulia hakuharibu ushahidi, na kwamba asipokumbuka aseme hakumbuki. Kesi ikiahirishwa, andika tarehe mpya kabla hamjatoka mlangoni. Kisha rudi naye mpaka nyumbani kwa tuktuk moja, usimwache kwenye ule ukumbi wa nje hata dakika moja kwenda kutafuta chenji. Ni pale, watu wakiwa wamesimama wakingoja, ndipo mtu humwinamia mwenzake sikioni na kumwambia ajifikirie vizuri.